Majaketi Ndani ya Nailoni

Baba yangu ameuza mablanketi na mashuka Kariakoo tangu kabla sijazaliwa, na kama kuna kitu anachokiamini baada ya Mungu, ni nailoni. Blanketi likiwa ndani ya nailoni yake ni mali. Likishatoka, hata kama halijaguswa na mtu, ni kitu cha kumbembelezea mteja. "Ukifungua nailoni usinirudishie," huwaambia wanunuzi. "Peleka Mchikichini, kwenye mitumba." Nyumbani kwetu Mchafukoge, makochi ya sebuleni yalikaa na nailoni mpaka nilipomaliza darasa la saba. Mgeni akinyanyuka mapaja yanabanduka kwa mlio wa aibu, na sisi watoto tunaangalia dari. Rimoti ya televisheni ina nailoni yake hadi leo, na kuongeza sauti lazima ubonyeze kwa gumba la hasira.

Naeleza haya mapema ili mtu asije akamwona mzee wangu mjinga. Alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza kwa kutembeza mashuka begani mitaani, na akajifunza kwa kuumia kwamba kitu kikichafuka hakirudi kuwa kipya. Anayemcheka anicheke na mimi, maana simu yangu ilikaa mwaka mzima na ile plastiki ya dukani juu ya kioo.

Alipovuka miaka sitini, daktari alimwambia presha yake haitashuka kwa vidonge peke yake, atafute kitu cha kumpumzisha akili. Wenzake wa rika lake waliambiwa hivyo hivyo wakanunua mashamba Kibaha, wakafuga kuku. Baba akanunua boti. Boti ndogo ya faiba, ya watu sita, yenye injini moja ya kuning'inia nyuma. Aliipata kwa mteja wake aliyekuwa anahamia Mwanza, ikawa inalazwa upande wa Kigamboni, kwenye uwanja wa jamaa wanaolinda boti za watu. Baba aliishi miaka arobaini karibu na bahari bila kulowa zaidi ya vifundo vya miguu. Kuogelea hajui hata kidogo, na akitaja maji marefu hushusha sauti.

Mama alipopewa habari alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mimi niliolewa na mtu wa mlimani," alisema. "Nikimtafuta, nimkute juu ya ardhi."

Baba alibembeleza wiki nzima. Mwishowe mama akatoa masharti mawili. La kwanza, asiende majini bila mimi, kwa sababu katika familia nzima mimi peke yangu ndiye ninayejua kuogelea. Nilijifunza nikiwa sekondari Tanga. La pili, siku likitokea tatizo lolote huko, dogo au kubwa, aje amwambie kwa mdomo wake mwenyewe, na boti iuzwe wiki hiyo hiyo. Baba aliinua mkono wa kulia kama shahidi mahakamani. Baadaye mama akaniita jikoni peke yangu akaniambia kwamba siendi kule kupunga upepo, nakwenda kumlinda baba. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina kwangu na nina mume, lakini mama akitumia sauti ile unajibu kama mtoto wa darasa la pili.

Bahati yetu, mwalimu alikuwa jirani. Mlango wa tatu kutoka dukani kwetu pana duka la kamba, nyavu na maturubai. Mwenyewe ni mama wa makamo, mtu wa pwani wa asili, ambaye baba yake na kaka zake wote walipata riziki yao majini. Yeye na baba hawajawahi kukaa siku nzima bila kutaniana, na humwita Mangi, kama watu wa pwani wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka.

"Mangi, nasikia umenunua meli," alisema asubuhi moja, amesimama mlangoni kwetu na kikombe chake cha chai.

"Boti, dada. Kiboti tu."

"Kiboti au meli, maji hayachagui. Hebu niambie, mbele ya chombo panaitwaje?"

"Mbele," baba akajibu.

Alicheka mpaka ikabidi aweke kikombe chini. Kuanzia siku ile, kila asubuhi kabla wateja hawajajaa, alikuja na kipande cha chaki akachora boti kwenye sakafu ya kibaraza chetu. Mbele panaitwa omo, nyuma tezi. Ule mti au ule mstari wa chini kabisa unaoshika maji ni mkuku. Tumboni, maji machafu yanapokusanyika, ni ngama, na lazima iwepo ndoo ya kuyakumba. Kamba ya nanga ni amari. Taa nyekundu hukaa kushoto na ya kijani kulia, na huko kushoto na kulia hupimwa ukiwa umeelekea omo, siyo vile ulivyoamua wewe kugeuka. Alimsimamisha baba katikati ya mchoro, akamwita huku na huku, "Mangi, nenda tezi! Rudi omo!", na wabeba mizigo wakasimama na mikokoteni yao kuangalia mzee mzima anavyorukaruka juu ya chaki.

Baba aliyashika yote. Aliyaandika kwenye kipande cha boksi na kulitundika juu ya kaunta, na haikupita wiki dukani tukaanza kusumbuka. "Mpe mama yule mashuka ya tezi," ananiambia, akimaanisha ya kule nyuma kabisa. "Mteja yuko upande wa taa nyekundu, hujamwona?" Kuna bwana mmoja kutoka Songea aliondoka akiamini kwamba tumepatwa na jambo.

Na jirani alifundisha zaidi ya maneno. Jua kwanza kama maji yanajaa au yanapwa. Mafuta yagawe mara tatu, ya kwenda, ya kurudi na ya balaa. Amari iwe ndefu mara nyingi kuliko kina cha maji, maana nanga haishiki kwa uzito wake, inashika kwa kulala. Ile kamba nyekundu ya kuzimia injini ifunge mkononi, ili ukianguka injini izime nayo, isije ikakugeukia. Na usiondoke bila kuaga. "Ukienda kula si unaniambia, dada niangalizie duka?" alimuuliza. "Basi na bahari hivyo hivyo. Niambie unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Saa ikipita, mimi naanza kupiga simu."

Jambo alilolirudia kuliko yote lilikuwa majaketi ya kuokolea. "Mangi, jaketi ni nguo, si bidhaa. Livaliwe mchangani, kabla mguu haujaingia majini. Huko hakuna chumba cha kubadilishia."

"Nimekuelewa, dada," baba alisema, na nina hakika alidhani ameelewa.

Akanunua majaketi sita mapya ya rangi ya machungwa. Kila moja lilikuwa ndani ya nailoni yake iliyozibwa kwa moto. Yote sita aliyatia ndani ya nailoni moja nene, akaipiga mikanda ya plastiki kama mzigo wa kwenda mkoani, akausukumia chini ya benchi la omo. Akasimama kuutazama kwa fahari.

"Baba, yafungue," nilimwambia.

"Yatachakaa na chumvi. Tukiwa na haja nayo tutayafungua."

"Tutakuwa na haja nayo siku tunayozama!"

"Basi siku hiyo yatakuwa mapya," alinijibu, na akacheka, na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea. Nina hasira za karibu, mdomo wangu watu wa Mtaa wa Kongo, pale dukani kwetu, wanaujua, lakini nililelewa katika duka lile. Moyoni kuna sehemu iliyoona kweli ni hasara kuyafungua.

Jumapili zilizofuata nilimpenda baba yangu upya. Sioni aibu kusema hivyo. Dukani ni mtu wa uso mkavu, wateja wanamhesabia tabasamu. Akishika usukani, kofia ya kanisani kichwani, alikuwa anaimba sauti ya pili ya nyimbo za kwaya kwa nguvu zote na kunieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza: mama yake alivyokuwa akimfunga mgongoni kwenda sokoni, baridi ya asubuhi ya kwao, msichana aliyemkataa kabla ya mama. Presha ikashuka. Daktari akauliza ametumia dawa gani, baba akajibu, "Tezi na omo."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili kama nyingine, inakaribia saa nane mchana, jua kali, maji yanapwa. Tulikuwa tunarudi. Kufika uwanjani lazima upite karibu na njia ya meli, pale bandari inapofungukia bahari, ambapo maboya mekundu na ya kijani yanaonyesha meli zipite wapi. Sheria yetu sisi wadogo ni moja tu, tukae pembeni. Tulikuwa pembeni. Kisha injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Baba akavuta kamba ya kuwashia. Ikawaka, ikafa. Akavuta tena. Maji yanayopwa hayamsubiri mtu, na taratibu, bila fujo yoyote, yalianza kutusogeza kuelekea yale maboya. Nikageuza kichwa kuelekea mjini nikaona meli ya makontena inatoka bandarini, imetanguliwa na tagi, ile boti ya kuvutia meli. Bado ilikuwa mbali. Lakini kitu kikubwa namna ile ukikiona mbali, ujue hakitachelewa.

"Majaketi," nilisema.

Baba alipiga magoti omo akavuta ule mzigo. Mikanda ya plastiki aliifunga yeye mwenyewe, na akifunga mzigo baba yangu hafungi nusu nusu. Hatukuwa na kisu. Alijaribu kwa vidole, akajaribu kwa meno, kisha akatoa rundo la funguo za duka akaanza kuchana nailoni nene kwa ufunguo wa kufuli la mlango. Alipopata upenyo akachomoa jaketi moja, nalo limo ndani ya nailoni yake. Akaichana hiyo pia. Kwa sauti ya chini alikuwa anasema maneno ya kwao ambayo anayatumia msibani tu.

Akanivalisha. Nilinyoosha mikono, akanipitishia, akafunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akavuta mkanda mpaka nikakosa pumzi. "Kaa tezi," aliniambia. "Usisimame." Nikakaa tezi. Nilishika mikanda ya lile jaketi kwa mikono miwili, na ule mzigo uliochanwa ulikuwa miguuni pangu.

Yeye akarudi omo kushusha nanga. Alisimama pale ncha inapopanda na kushuka, hana kitu mwilini isipokuwa shati la kanisani, akarusha nanga kwa mikono yote miwili kama anayetupa gunia juu ya lori. Amari ikakimbia. Ikanyooka, boti ikashtuka, halafu tukaendelea kusogea; nanga ilikuwa inaburuta. Nilimwona akikumbuka. Akaachia kamba zaidi, na zaidi, mpaka akabaki na pindo la mwisho lililofungwa kwenye boti. Kisha ikashika. Boti ikazunguka yenyewe, omo ikaelekea mkondo, tukatulia.

"Imeshika!" alipiga kelele, na sauti ilikuwa ya mtoto.

Meli ilipita ndani ya njia yake, mahali inapostahili kupita, na nadhani hakuna aliyekuwemo aliyetuona. Mawimbi yake yalitufikia baadaye kidogo. Yalitunyanyua na kutushusha mara kadhaa, maji yakaingia, baba ameng'ang'ania benchi, na mimi nalia waziwazi. Kisha bahari ikanyamaza.

Simu ikalia. Ilikuwa jirani yetu wa kamba. Baba alikuwa amemwambia atarudi saa nane kamili, na ilikuwa imepita.

"Mangi, mko wapi?"

Baba akamweleza. 

"Kile kizibo kidogo juu ya kifuniko cha tangi la mafuta umekilegeza? Tangi linataka kupumua. Likifungwa, injini inanyonya mpaka inakosa."

Baba aliliangalia tangi. Kizibo kilikuwa kimekazwa barabara. Alikuwa amekikaza mwenyewe tulipopumzika, kama anavyokaza kila kifuniko alichowahi kukigusa, mafuta yasiruke hewani. Alikilegeza, tangi likatoa pumzi, injini ikawaka kwa mvuto wa pili.

Tuliilaza boti uwanjani, tukautia mzigo wa majaketi garini, tukaendesha kurudi nyumbani mpaka darajani. Mimi ndiye niliyeanza. "Baba, hakuna aliyetuona. Jirani hawezi kusema. Tumefika salama, yamekwisha." Nilikuwa namtetea yeye, nawaambia kweli. Nilikuwa naona zile Jumapili, ile sauti ya pili ya kwaya, naona tunazitoa kwa mkono wetu wenyewe.

Alinijibu kwenye taa za barabarani za Gerezani. "Niliinua mkono mbele ya mama yako," alisema.

Mama alikuwa sebuleni. Baba alikaa mbele yake akaeleza yote, tangu injini ilipokohoa mara ya kwanza, na hakuruka kitu. Hakuruka nailoni, hakuruka kizibo. Alipomaliza akaweka funguo za boti mezani. "Kesho nitatafuta mteja," alisema, na akaitazama sakafu.

Mama hakuzigusa. "Majaketi yalikuwa mangapi?"

"Sita."

"Mkafungua mangapi?"

"Moja."

"Akavaa nani?"

Baba akanionyesha kwa kidevu. Mama akanigeukia.

"Wewe unaogelea," alisema. "Yeye alivalishwa na nani?"

 Nililiona jibu lote kwa mara ya kwanza: mzigo wazi miguuni pangu, majaketi matano, mikono yangu miwili haina kazi, na mzee asiyejua kuogelea amesimama kwenye ncha ya boti na shati tupu. Baba alijaribu kuniokoa tena. "Mimi ndiye niliyemwambia akae."

"Sikukuuliza wewe," mama alisema.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilikuwa namwona baba pale omo, kila mara anaanguka, na kila mara nimekaa. Hakuna aliyenilaumu zaidi ya lile swali, na ningefurahi kama wangenipigia kelele.

Funguo zilikaa mezani mpaka Alhamisi. Siku hiyo mama alizichukua akazitia kwenye mkoba wake. Baba alidhani amepata mteja.

"Ukiiuza hii utatafuta kitu kingine cha kukuua," alimwambia. "Hiki angalau nimeshakijua. Jumapili nakwenda nanyi."

Jumapili, baada ya ibada, mama alikanyaga mchanga wa Kigamboni kwa viatu vya kanisani na mfuko mkubwa begani. Alikuwa ameyatoa majaketi matano yaliyobaki kwenye nailoni nyumbani, kwa mkasi, na baba hakuthubutu kuingia chumbani. Alimwita. Baba akaja akanyoosha mikono, mama akampitishia, akafunga vifungo vitatu, akavuta mikanda, kisha akamshika mabegani akalivuta jaketi kwenda juu kwa nguvu, kuona kama litampanda masikioni. Halikupanda. Alijifunza lini vile sijui. Lazima alikwenda kwa jirani wa kamba bila kumwambia mtu. Baba alisimama ametulia kama anayepimwa suti, na macho yalikuwa yamemlowa. Mama akavaa la kwake.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao, na kwa ujinga nikajikuta nimeinua mikono kidogo, nasubiri. Mama alinipita akanikabidhi jaketi langu.

Nilijifunga mwenyewe. Kisha nikaenda kwa baba nikakagua vifungo vyake, kimoja kimoja, ingawa nilikuwa nimemwona mama akivifunga.